Kibao cha Shaba cha Kumuenzi Meya Aliyeutumikia Mji Mdogo kwa Miongo: Tathmini ya Mnunuzi

Tathmini hii inahusu kibao cha kumbukumbu cha shaba ya kusubu, yaani shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kile kizito chenye herufi zilizochomoza juu ya uso wa rangi iliyokolea, ambacho halmashauri za miji midogo hukiagiza zinapotaka kumuenzi meya aliyekaa madarakani kwa miongo kadhaa. Nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopewa kazi hiyo, na jukumu langu lilikuwa kulinganisha bidhaa zilizopo, kuandaa maneno ya kibao na kukikagua kilipofika. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kazi hii sijaona bidhaa inayokifikia kibao cha namna hii, ila kwa sharti moja, kwamba wanaokiagiza wayahangaikie maneno kuliko wanavyoyahangaikia madini.

Sharti hilo linatokana na kazi ya meya yenyewe. Meya wa jiji kubwa huacha nyuma yake madaraja, viwanja vya michezo na majengo yanayoonekana kutoka mbali, lakini meya wa mji mdogo mara nyingi huacha vitu vilivyofukiwa ardhini au vilivyofungiwa kabatini. Mabomba ya maji yaliyobadilishwa kabla hayajapasuka, mtaro uliopanuliwa ili maji ya mvua yasiingie madukani, hesabu zilizopata hati safi mwaka baada ya mwaka, kiwanja cha shule kilichonusurika kuuzwa: hayo yote hayana mlango wa kuingilia wala ukuta wa kupigia picha. Tena wengi wao huifanya kazi hiyo kwa posho ndogo huku wakiendelea na shughuli zao za kujitafutia riziki, na wananchi huwapigia simu usiku, huwasimamisha sokoni na hata msibani, kwa kuwa katika mji mdogo hakuna asiyejua meya anakaa wapi. Utumishi wa aina hiyo usipoandikwa, hupotea pamoja na watu waliouona.

Mifano ya utumishi mrefu wa namna hiyo ipo, nayo ilitusaidia kupima ukubwa wa jambo tulilotaka kuliandika. Hilmar Moore aliteuliwa kuwa meya wa Richmond, katika jimbo la Texas nchini Marekani, mwaka 1949, kisha akaendelea kuchaguliwa tena na tena hadi alipofariki dunia Desemba 2012 akiwa bado madarakani. John Land aliingia ofisini mwaka huohuo wa 1949 katika mji wa Apopka, Florida, akakaa nje ya ofisi kwa muda mfupi mwishoni mwa miaka ya 1960, akarudi mwaka 1971 na kuendelea hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa 2014, ambao ndio mwaka aliofariki. Robert Blais aliongoza kijiji cha Lake George, katika jimbo la New York, kuanzia 1971 hadi 2023. Margaret Doud alianza kuwa meya wa kisiwa cha Mackinac, Michigan, mwaka 1975, mahali ambapo magari yalipigwa marufuku tangu 1898 na ambapo wakazi wa kudumu hawafiki elfu moja. Mtu anayetumikia kwa muda mrefu kiasi hicho huwaona watoto aliowakabidhi zawadi shuleni wakija kukaa naye barazani kama madiwani wenzake.

Kabla ya kufikia kibao tulizitazama njia nyingine za kumuenzi, na baadhi yake ni nzuri. Ufaransa ina cheo cha meya wa heshima, ambacho hutolewa na mwakilishi wa serikali kuu katika eneo husika kwa meya mstaafu aliyetumikia muda mrefu, na kwa miaka mingi kiwango kilichotakiwa kilikuwa miaka 18 ya utumishi katika manispaa. Nchi hiyohiyo ina nishani ya utumishi wa serikali za mitaa yenye daraja la fedha kwa miaka 20, la fedha iliyopakwa dhahabu kwa miaka 30 na la dhahabu kwa miaka 35. Uingereza nayo, kupitia kifungu cha 249 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972, inaziruhusu halmashauri kumpa diwani mstaafu cheo cha heshima iwapo theluthi mbili ya wanaopiga kura wataafiki, tena katika mkutano ulioitishwa mahususi kwa jambo hilo. Sharti hilo la theluthi mbili nalipenda sana, kwa sababu linaiondoa heshima mikononi mwa kundi moja la siasa na kuifanya iwe ya mji mzima. Hata pale ambapo sheria haidai hivyo, naishauri halmashauri yoyote ilifuate kabla ya kuagiza kitu chochote. Hata hivyo, cheo na nishani huenda nyumbani na mwenyewe, na mtoto anayekatiza mbele ya ofisi za mji hana pa kuvisoma.

Kuipa barabara jina la meya kuna faida ya kutajwa kila siku. Florida ina barabara kuu inayoitwa John Land Apopka Expressway, na kwa mtu aliyeuongoza mji kwa zaidi ya nusu karne hiyo ni heshima aliyoistahili. Lakini jina la barabara hupita machoni kwa sekunde chache na halisemi mtu huyo alifanya nini. Sanamu huonyesha sura, nayo pia huwa kimya kuhusu kazi. Kibao peke yake ndicho chenye nafasi ya sentensi, na ndiyo maana nakitetea.

Kwa upande wa malighafi, tuliletewa sampuli za aina kadhaa. Akriliki inapendeza siku ya kwanza, lakini hukwaruzika kwa urahisi. Sikuona sababu ya kuendelea nayo. Shaba ya manjano iliyochorwa kwa mashine ina herufi zilizozama ambazo hujazwa rangi, na shida yake ni kwamba rangi hiyo hubanduka huku wasafishaji wakiusugua uso ung'ae, hivyo baada ya miaka kadhaa mtu husoma vivuli tu. Alumini ya kusubu ni nyepesi na ni ya bei nafuu, nayo ni chaguo la heshima kwa ukuta usioweza kubeba uzito. Jiwe la itale ndilo mshindani wa kweli: halishiki kutu, wanunuzi wa vyuma chakavu hawalihitaji, na katika mji ulio kando ya bahari, ambako chumvi ya hewani huishambulia shaba, ningelichagua bila kusita. Kasoro yake ni kwamba uso uliosuguliwa huakisi mwanga kiasi cha kumlazimu msomaji ahame huku na huku kutafuta mahali maneno yanapoonekana.

Shaba ya kusubu inayotumika kwa vibao kwa kawaida huwa na takriban asilimia 85 ya shaba nyekundu, na iliyobaki ni bati, zinki na risasi. Fundi hutengeneza kwanza kiolezo chenye herufi zote, hukigandamiza katika mchanga ili kupata kalibu, kisha humimina madini yaliyoyeyuka. Kwa kuwa madini hayo husinyaa kwa karibu asilimia moja na nusu yanapopoa, kiolezo hufanywa kikubwa kidogo kuliko kibao kinachokusudiwa. Kibao chetu kina upana wa sentimita 60, kimo cha sentimita 45 na unene wa milimita 8, na uzito wake unakaribia kilo 19. Uzito huo una maana yake. Watu wawili walipokitoa kwenye sanduku na kukilaza mezani, waliokuwa wakizungumza chumbani walinyamaza, na kila aliyekaribia alikipitishia kidole.

Nami nilikipitishia kidole, na ndipo nilipojua nini cha kukagua. Ukingo wa kila herufi unapaswa kusimama wima na kuwa laini bila kukwaruza ngozi. Tazama hasa matumbo ya herufi ndogo kama "a" na "e", kwa sababu mchanga ukivunjika hapo madini huingia na kuyaziba, na neno "maji" likisomwa kwa mbali huanza kufanana na doa. Tazama pia vishimo vidogo kama tundu za sindano kwenye uso wa nyuma ya herufi, ambavyo hutokea gesi inaponaswa ndani ya madini. Kimoja au viwili hufichwa na rangi ya uso, lakini vikikusanyika pamoja vitashika maji na kuanza kuchimbika. Kibao chetu kilikuwa na herufi moja tu iliyoziba, katika mstari wa mwisho, na karakana iliifungua kwa patasi ndogo bila ubishi na bila malipo ya ziada. Kwa kazi ya mkono naipa karakana alama za juu kabisa.

Ukubwa wa herufi ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi wasipoulizwa. Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa mabango ni kwamba herufi yenye kimo cha milimita 25 husomeka vizuri kwa umbali wa mita tatu hivi, kwa hiyo msomaji atakayesimama mita moja na nusu kutoka ukutani anahitaji herufi zisizopungua milimita 12. Wazee ndio wasomaji wakuu wa vibao vya namna hii, kwa kuwa ndio waliokuwapo mambo yalipotendeka, hivyo sisi tuliongeza hadi milimita 15. Uamuzi huo ulitubana kwenye idadi ya maneno, na nashukuru ulitubana, kwani kibao cha kipimo chetu hubeba takriban maneno 60 kwa raha, na mwandishi aliyepewa nafasi hiyo hulazimika kuchagua.

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa huduma hii. Muuzaji alituletea maneno yaliyoandikwa tayari, ambapo tulitakiwa kujaza jina na miaka tu, na yote yalimsifu mheshimiwa kwa kumwita shupavu, mpenda watu, mwenye maono na mchapakazi asiyechoka. Maneno hayo yanamfaa meya yeyote, jambo linalomaanisha kwamba hayamhusu meya yeyote. Aliyeutumikia mji kwa miongo anastahili kuambiwa tulichokiona akikifanya. Kwa hiyo tuliyaweka kando, tukaomba mihtasari ya vikao vya halmashauri na kuanza kuorodhesha kazi: mwaka gani bomba la maji lilivuka reli na kufika upande wa pili, kikao kipi kilizuia uuzaji wa kiwanja cha shule, lini maktaba ilifunguliwa katika jengo lililokuwa ghala. Mstari ninaoupenda kuliko yote kwenye kibao chetu unasema tu, "Katika uongozi wake maji ya bomba yalifika upande wa pili wa reli." Hauna sifa hata moja, lakini mtu wa upande wa pili wa reli akiusoma anajua ulivyo mzito, kwa sababu anakumbuka nani alikuwa akibeba ndoo.

Kitenzi kinahitaji uangalifu wa pekee. Ukiandika kwamba meya "alijenga" maktaba, umewasahau madiwani waliopitisha bajeti, karani aliyeandika barua za kuomba fedha na wananchi waliolipa kodi. Ukiandika kwamba maktaba "ilijengwa", umemfuta meya aliyeikumbusha halmashauri hoja hiyo kila mwaka hadi ikapita. Tulisuluhisha kwa kueleza alichokifanya yeye hasa: aliitetea, aliikumbusha, aliisimamia. Meya mzuri wa mji mdogo aghalabu ni mtu wa vitenzi hivyo vya uvumilivu, na ni haki yake avikute vimeandikwa jinsi vilivyo.

Faida ya kumuenzi mtu angali hai ilijitokeza hapo. Vibao vya bluu vya London, vinavyotundikwa kwenye majengo walimoishi au kufanyia kazi watu mashuhuri, vilivyoanza mwaka 1866 na ambavyo sasa vinasimamiwa na shirika la urithi wa kihistoria la English Heritage, havimkubali mtu mpaka ipite miaka 20 tangu afariki, na kwa watu mashuhuri wa taifa zima kanuni hiyo ina busara, kwa kuwa muda huchuja umaarufu wa kupita. Kwa meya wa mji mdogo ningeikataa kanuni kama hiyo. Baada ya miaka 20 wanaojua undani wa mambo watakuwa wamekwisha, na mihtasari pekee haitoshi. Tulimpelekea meya wetu rasimu ya maneno, naye akatuomba tufute mstari mmoja, akieleza kwamba uamuzi wa kununua kiwanja cha zahanati ulipitishwa chini ya mtangulizi wake na kwamba yeye aliukuta tayari. Tuliirejea mihtasari, na ilimuunga mkono. Mstari ulifutwa, na heshima yangu kwake iliongezeka kuliko ambavyo mstari wowote ungeweza kuiongeza. Angalizo langu ni moja tu: kibao kisitundikwe wakati mhusika bado anagombea, kwa maana hapo kinageuka kuwa bango la kampeni lililolipiwa na umma. Siku ifaayo ni ile ya kukabidhi ofisi au mara tu baada yake.

Mchakato wa prufu, yaani mchoro wa kuhakikiwa kabla ya kusubu, uliendeshwa vizuri. Karakana ilituma mchoro wa kibao kizima kwa ukubwa wake halisi, nasi tukauchapisha kwenye karatasi na kuubandika ukutani mahali palepale ambapo kibao kingekaa. Tuliwaita watu watatu wasiokuwa wajumbe wa kamati wausome kwa sauti, na mmoja wao tulimwomba aanzie neno la mwisho kurudi la kwanza, ili macho yasivutwe na maana yakaruka herufi. Namsihi kila mnunuzi afanye vivyo hivyo, kwa sababu herufi iliyokwisha kusubiwa haifutiki, na kosa katika jina la mtu aliyeutumikia mji maisha yake yote ni aibu ambayo mji hauwezi kuieleza. Jina lenyewe lipatikane kutoka kwa mhusika au familia yake kwa maandishi, kwani nyaraka za ofisi mara nyingi huliandika kwa namna zaidi ya moja. Kilichonikera ni muda: baada ya sisi kuidhinisha prufu, kazi ilikawia kupita ahadi, na hatukupewa taarifa yoyote mpaka tulipouliza wenyewe. Yeyote anayepanga sherehe asitangaze tarehe kabla kibao hakijafika mkononi.

Utundikaji si kazi ya kuachiwa yeyote mwenye keekee. Kilo 19 zinahitaji ukuta imara wa zege au wa mawe, na kibao cha shaba kikifungwa kwa skrubu zinazoonekana humrahisishia kazi mwizi wa vyuma chakavu. Wizi wa vibao vya shaba umetokea katika nchi nyingi, na kuna makaburi na minara ya kumbukumbu iliyoachwa na matundu matupu. Tulichagua vishikizo vilivyofichwa nyuma, ambavyo huingizwa ukutani na kushikizwa kwa gundi ya ujenzi, na vishikizo hivyo viwe vya chuma cha pua, kwa kuwa chuma cha kawaida kinachogusana na shaba huliwa na kutu haraka na kuchuruzisha madoa mekundu ukutani. Kiweke kibao kwa kimo ambacho mtu mzima atasoma bila kuinua shingo na aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu atasoma bila kuomba msaada. Katikati ya kibao kuwa mita moja na nusu kutoka chini, au chini kidogo ya hapo, kunatosha. Tafadhali kisiwekwe ndani ya ofisi ya meya, ambako watakaokisoma ni wale waliokwisha kumjua. Mahali pake ni nje, kwenye njia ambayo watu huipita wakienda kulipia maji au kufuata vyeti vya kuzaliwa.

Maelekezo ya utunzaji yaliyokuja na kibao yalikuwa mafupi mno, nayo yalisema tu kwamba kifutwe kwa kitambaa. Shaba iliyo nje hupakwa vanishi kiwandani, na vanishi hiyo ndiyo inayozuia uso usigeuke kijani. Ikianza kubanduka pembeni, unyevu hupenya chini yake na kibao hupata mabaka. Kwa hiyo kioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, kikaushwe, kisha kipakwe nta safi walau mara moja kwa mwaka. Dawa za kung'arishia vyombo vya shaba zisikiguse kamwe, maana huila vanishi na kuondoa rangi ya nyuma ambayo ndiyo inayozifanya herufi zisomeke. Sisi tuliomba kazi hiyo iingizwe katika ratiba ya matengenezo ya majengo ya halmashauri, pamoja na kuzibua mifereji ya paa, na fundi wa majengo akapewa kopo la nta na maelekezo yaliyoandikwa. Rangi kijani ikishaonekana kwenye mapengo ya herufi, asijaribu kuikwangua mwenyewe, bali aiite karakana.